Kifaransa: anza na le na la

Umeuliza uanze kujifunza Kifaransa na majedwali ya vitenzi au na le na la, vile vineno vinavyotangulia nomino na kuonyesha ni ya kiume au ya kike. Anza na le na la, ndugu yangu. Tayari una ngeli kichwani: unasema kitabu kidogo, meza ndogo, wala hukosei. Kifaransa kinafanya vivyo hivyo, ila kina makundi mawili tu, la kiume na la kike: un petit livre, une petite table. Kwa hiyo usiandike table peke yake daftarini, andika la table tangu siku ya kwanza. Ukiacha hiyo la, utakuja kuyakariri maneno yale yale upya, na inachosha mno. Miisho husaidia: maneno ya -tion karibu yote ni ya kike (la nation, la question), ya -age mengi ni ya kiume (le voyage, safari), ingawa la plage (ufukwe) ni ya kike.

Vitenzi: être (kuwa), avoir (kuwa na), aller (kwenda) na faire (kufanya) kwanza, kisha parler (kusema). Hapo maandishi yanatisha kuliko sauti. Parle, parles, parlent hutamkwa sawasawa kabisa, ile -ent haisikiki. Sisi tunasema "nasema, wanasema" kwa neno moja na mtendaji yumo ndani. Kifaransa ukiacha je (mimi) au ils (wao), msikilizaji hajui ni nani. Naona hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa, kwa hiyo soma kwa sauti kila siku.

Kukanusha ni rahisi: je ne parle pas (sisemi).