Nilipanda treni kabla ya kurudisha kitabu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, namaliza chuo mwezi wa saba. Nina akiba kidogo ya bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo. Nisafiri kwanza au nianze kuhangaika na kazi?" Nimeusoma ujumbe huo mara tatu huku nacheka peke yangu, maana huyo ni mimi mtupu wa miaka minne iliyopita. Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja, nikashindwa.

Mdogo wangu, mimi nilisafiri. Mahafali yalikuwa Novemba. Machi wenzangu wako kwenye foleni ya klirensi, ile fomu ya kuthibitisha kwamba chuo hakikudai kitu, wakifuatilia vyeti, mimi niko stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, Dar es Salaam na begi la mgongoni na pasipoti mpya iliyonila shilingi 150,000. Mzee wangu hakujua. Nilimuaga mama tu, naye akasema, "Utajua utakavyomwambia baba yako."

Reli ile ina kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, na sitawachosha na zote. Nilikata daraja la pili, chumba cha vitanda sita. Jioni tukikatiza hifadhini mtu akapiga kelele "twiga!", tukajazana wote kwenye dirisha moja. Mzee mmoja mfanyabiashara wa Nakonde, mji wa mpakani upande wa Zambia, hakuinuka hata, aliendelea kumenya chungwa lake. Ukishapita Mlimba treni inaanza kupanda milima na mahandaki yanaanza. Unakaa gizani unasikia chuma tu, mara mwanga unakupiga machoni, kabla hujazoea ni giza tena. Hapo ndipo yule mzee akafungua mdomo. Baba yake alikuwa kwenye ujenzi miaka ya 70, pamoja na Wachina, akibeba mataruma. "Kila nikipita hapa huwa sisemi kitu," akasema, kisha akaongea mpaka Makambako.

Kapiri Mposhi nikapanda basi la Lusaka, na Lusaka jingine la Livingstone. Maporomoko ya Victoria wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Mswahili hahitaji mkalimani kwa hilo neno la kwanza. Machi maji yamejaa, kwa hiyo huoni vizuri chochote: ukuta wa maji wenye upana wa zaidi ya meta 1,700, nawe umesimama kwenye mvua inayotoka chini kwenda juu. Nilikuwa nimelowa mpaka soksi. Simu nilikuwa nimeizima na kuifunga kwenye mfuko wa plastiki. Nilijiona mwanaume wa kwanza duniani kumaliza chuo.

Nimeiwasha tena Tunduma, mpakani upande wetu, wakati wa kurudi, laini ya nyumbani ikashika, ujumbe ukamiminika. Mmoja ulitoka kwa niliyekuwa nakaa naye hosteli: "Uko wapi? Jina lako limetoka usaili. Kesho asubuhi, uje na cheti halisi." Ulikuwa na umri wa siku nne.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisimulia kwamba safari ndiyo iliyoninyima kazi ile. Si kweli, na leo naikiri hapa. Hata ningekuwa nimelala nyumbani ningekosa tu, kwa sababu cheti sikuwa nacho. Fomu yangu ya klirensi ilikuwa imekwama maktaba kwa ajili ya kitabu kimoja cha takwimu nilichomwazima mtu mwaka wa pili. Kitabu kimoja! Na matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, wanaoajiri kwa niaba ya serikali, yanasema wazi kwamba karatasi za matokeo ya muda hazikubaliki. Nilikuwa nimelisoma tangazo lile mwenyewe, kwa macho yangu.

Mzee wangu aliponiuliza nilikuwa wapi, nikamweleza. Akanitazama. "Ulikwenda kuangalia maji?" Mpaka leo wageni wakija huwasimulia, nao hucheka. Mimi bado sijaweza kucheka.

Miezi kumi iliyofuata naipita haraka: twisheni, kusajili laini za simu, kulala mchana. Kisha wakala mmoja wa forodha akatangaza nafasi ya karani wa hesabu, kituo cha kazi Tunduma. Tulikuwa watu saba kwenye benchi. Bosi akauliza nani amewahi kufika mpakani pale, nikanyoosha mkono peke yangu. Nikamweleza foleni ya malori, maofisa wa uhamiaji, na mzee wa Nakonde na machungwa yake. Wiki iliyofuata nikaanza kazi. Mshahara wa kwanza nilipoona Bodi ya Mikopo imekata asilimia 15 kulipia mkopo wangu wa chuo, niliipiga picha ile karatasi kama mjinga, nikamtumia Mzee wangu.

Sasa vijana wenzangu, tusidanganyane. Tumezoea kuahirisha mambo madogo tukingoja makubwa. Safiri, nani atakukataza? Lakini fanya klirensi kwanza. Chukua cheti, chukua transkripti, toa nakala, mwachie mtu unayemwamini. Usizime simu. Mwambie mzazi wako unakokwenda, hata kama atanuna, kwa sababu kununiwa kabla ya safari ni nafuu kuliko baada yake. Na klirensi, nasema tena, klirensi. Mnaweza kuniona nahubiri, hubirini na nyie mkishalipia kitabu cha takwimu bei ya kitabu kipya.

Wewe uliyeniandikia, hujaniambia unakwenda wapi. Na maktaba wanakudai nini?