Usilipe hiyo iPad kabla hujaiona IMEI

Ndugu wa Nakuru, usilipe. Nimesoma swali lako mara mbili. Unajifunza urubani kwenye ndege ndogo ya Cessna 172, unataka tableti ndogo ya kusomea ramani hewani, na unauliza: inchi 8 au 11, iPad au Android, uifunge wapi, chaja ipi, programu ipi, na kama kompyuta ndogo ya Windows ingefaa zaidi. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo lisilo na uzito, umeandika kwamba kuna duka limekuwekea iPad mini "ya Wi-Fi tu, bei nzuri, nitaiunganisha na simu yangu". Hapo chai yangu ilipoa mezani.

iPad ya Wi-Fi tu haina GPS. Sisemi GPS yake ni dhaifu, wala sisemi imezimwa mahali ukaiwashe. Haimo ndani. Apple huweka kipokezi cha GPS, kile kinachojua ulipo kwa kusikiliza setilaiti, kwenye iPad za laini tu, yaani zile zenye mtandao wa simu. Ni hivyo tangu iPad ya kwanza ya mwaka 2010, na bado watu wanauziwa kila wiki wakiambiwa tofauti ni bando.

Mimi niliuziwa Kisumu, mtaa wa Oginga Odinga, kwa 45,000. Sikununua kimya kimya. Nilimuuliza muuzaji waziwazi: "Hii ina GPS?" Akajibu, "Ipo, mkubwa, hii ni Apple." Akafungua ramani mbele ya macho yangu, kitone cha buluu kikatua pale pale barabarani tulipokuwa. Akaigeuza mkononi, ramani ikazunguka nayo. Mtu akikuonyesha hivyo utambishia vipi? Nikalipa.

Sasa nikueleze alichonionyesha hasa, maana na wewe utaonyeshwa hicho hicho. Kuzunguka kwa ramani ni kazi ya dira ya ndani, na dira ziko kwenye iPad zote. Kitone nacho kilitokana na Wi-Fi za maduka ya jirani. Tableti inasikiliza ni Wi-Fi gani ziko karibu, inauliza kwenye intaneti Wi-Fi hizo ziko wapi, inapewa jibu, inachora kitone. Mjini inafanya kazi vizuri sana, ndiyo sababu inadanganya vizuri sana. Hakuna setilaiti hata moja iliyohusika.

Kisha nikaijaribu, na ninataka usome sehemu hii polepole, kwa sababu jaribio baya lilinipa imani ambayo nisingekuwa nayo kama nisingejaribu kabisa. Niliiunganisha na simu, nikaiweka kwenye kiti cha gari, nikaenda Ahero. Nyamasaria kitone kipo. Katikati kikasimama. Nilipoingia Ahero kikaruka kwa mpigo mmoja hadi sokoni. Nikajiambia mtandao uko chini leo. Kumbe kilikuwa kinaruka kutoka Wi-Fi ya duka hadi Wi-Fi ya duka, na mashamba ya mpunga katikati hayana Wi-Fi.

Juma lililofuata nilipaa Kisumu kwenda uwanja wa Wilson, Nairobi, shemeji yangu kiti cha kulia, ana miadi Nairobi saa nane mchana. Njia yangu ilikuwa ya kawaida: tambarare ya Kano, Muhoroni, Londiani, nivuke Mau, nipite Nakuru, niteremkie bondeni. Kisumu uwanja uko kama futi 3,700 tu juu ya usawa wa bahari, na reli ikifika Mau Summit imeshapita futi 8,000, kwa hiyo ni kupanda tangu magurudumu yanapoacha lami. Nilipanga futi 9,500 kwanza, kisha 11,500 kabla ya Londiani.

Tulichelewa kuondoka, na unajua mawingu ya upande wa Kericho hayangoji mtu. Kufikia Fort Ternan mbele kulikuwa na ukuta mweupe. 11,500 haikuwezekana tena bila kuingia ndani yake, nami sina leseni ya kuruka mawinguni. Nikakata kulia kulizunguka wingu la kwanza, nikakata tena kulizunguka la pili. Macho yangu yalikuwa nje, kama inavyotakiwa, na kichwani nilikuwa nimejiambia kwamba nikimaliza kuzunguka nitatazama tableti nijue nilipo.

Shemeji ndiye aliyeitazama kwanza. Akasema kwenye maikrofoni, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida tu: "Mbona hapa inaonyesha bado hatujaondoka?"

Nikatazama. Kwenye skrini, ndege yangu ndogo ya buluu ilikuwa imetulia juu ya jengo la abiria la Kisumu. Dakika ishirini na tano hewani, na kitu nilichokuwa nimekitegemea kilikuwa bado kimeketi pale kilipoona Wi-Fi ya mwisho.

Chini yangu kulikuwa na kijani cha chai, kimekatwa sawa kama zulia, kwa hiyo nilijua nimesukumwa kusini kuelekea Kericho. Lakini Kericho ipi? Majani ya chai hayana majina. Mbele kulia kulikuwa na milima ambayo vilele vyake sikuviona. Niligeuza ndege kuelekea magharibi, nikatulia kwenye nyuzi 270, nikamwambia mwongozaji wa ndege wa Kisumu ukweli wote: nimegeuka, ninarudi, sina hakika na mahali nilipo. Hakunikaripia. Nikachukua ramani ya karatasi iliyokuwa pajani. Baada ya kama dakika saba hivi Ghuba ya Winam ikang'aa mbele kama bati jipya, nikaona reli, nikaona moshi wa kiwanda cha sukari, nikaifuata reli hadi nyumbani.

Msije hapa kuniambia rubani wa kweli hutumia karatasi. Ninayo, na ndiyo iliyonirudisha. Ninachosema ni kwamba kifaa kinachokuonyesha mahali ambapo hupo ni kibaya kuliko kutokuwa na kifaa. Kama nisingekuwa na tableti ningehesabu dakika na mwelekeo kila nilipokata kona. Sikuhesabu kwa sababu ilikuwepo.

Hesabu ya fedha nayo ni hii. Pesa ya kukodi ndege kwa safari isiyofika ilizidi bei ya tableti yenyewe. Miadi ya shemeji ikapotea. Kisha nikalazimika kununua kipokezi cha GPS cha nje, kile kidogo kinachozungumza na tableti kwa Bluetooth, na bei yake pekee ilizidi ile tofauti niliyodhani nimeiokoa kwa kutonunua iPad ya laini. Juu ya hapo ni kitu kingine cha kuchaji na kingine cha kusahau nyumbani.

Muuzaji nimeshamsamehe nusu. Yeye anauza kava na chaja, hajui Londiani ikoje saa sita mchana. Ninayemkasirikia hadi leo ni rubani mwenzangu, mwenye saa nyingi hewani kuliko zangu, niliyemwuliza kabla ya kununua. Alisema, "Zote ni sawa, hiyo nyingine unalipia bando tu." Yeye mwenyewe alikuwa na ya laini. Hajawahi kuruka na ile nyingine hata siku moja, lakini alijibu kwa sauti ya mtu aliyejaribu zote mbili. Kama hujui, sema hujui. Kuna mtu atapanda hewani na jibu lako.

Kwa hiyo hivi ndivyo utakavyofanya Jumamosi. Ukiwa bado dukani, fungua mipangilio ya iPad, ingia kwenye maelezo ya kifaa, ushuke chini utafute IMEI, ile namba ya tarakimu 15 ambayo hupewa vifaa vya laini tu. Itafute pia kwenye lebo ya boksi. Usitafute tundu la kadi, kwa sababu baadhi ya mpya hazina tundu, zinatumia eSIM, laini isiyo na kadi. Tafuta IMEI. iPad isiyo na IMEI haina GPS, hata muuzaji aape kwa mama yake.

Na ukishaipata ya laini, huna haja ya kuitia laini. GPS inapokea tu, haitumi kitu. Setilaiti haijui kama umenunua bando la Safaricom au la Airtel. Unachohitaji bando ni kupakua ramani ukiwa chini, kabla ya safari.

Kama ni Android, usitegemee IMEI. Ziko Android za Wi-Fi tu zenye GPS kamili, na ziko za bei ya chini zisizo nayo. Huko pakua programu yoyote inayoonyesha setilaiti, utoke nje mahali peupe, uone inazikamata ngapi. Zinahitajika 4 kwa uchache ili ijue ulipo na uko juu kiasi gani.

Halafu kuna jaribio la barabarani, na safari hii lifanye kama mtu aliyeumwa na nyoka. Pakua ramani. Zima Wi-Fi ya tableti, washa hali ya ndegeni, zima na simu kabisa. Toka mjini, shika njia ya Subukia, usimame mahali penye mahindi pande zote mbili. Iweke juu ya boneti na usubiri, usiihukumu haraka: bila msaada wa mtandao inaweza kuchukua dakika kadhaa, na orodha nzima ya setilaiti huchukua dakika 12 na nusu kuteremka kutoka angani. Ikishakukamata, endesha. Kitone kifuate barabara bila kuruka, kila kona. Kikiruka, irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Ukubwa: inchi 8. Ya 11 kwenye usukani wa 172 itakufunikia nusu ya vipimo vya mbele na itagonga mapaja. Popote utakapoifunga, kabla ya kuwasha injini zungusha usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia, uuvute wote hadi kifuani. Ikigusa kitu, ihamishe. Kava za sumaku ziache nyumbani. Yangu niliifunga karibu na dira ya kioo cha mbele, nikiwa bado nimeegesha, na dira ikahama nyuzi 15 nikiwa nimekaa tu.

Chaja iwe inayobeba kuanzia volti 12 hadi 28 au zaidi, kwani 172 za zamani zina volti 14 na za baadaye 28, na chaja ya gari dogo hufa kwenye hizo 28. Usiiache juu ya dashibodi juani: Apple wenyewe wanasema iPad itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na Kisumu ndani ya ndege iliyofungwa hiyo inapita kabla ya saa nne asubuhi. Skrini huwa nyeusi, inakuchorea kipimajoto, na inakataa kazi hadi ipoe.

Jumamosi ukiwa dukani, piga picha ya lebo iliyo nyuma ya boksi, uiweke hapa kabla hujatoa pesa. Nitakuwa nimekaa na simu mkononi kuanzia saa tatu.