Maswali ya Wasomaji: Amplifaya ya Gitaa, Wati na Umeme Wetu

SWALI: Wahariri, salamu kutoka Mbale, Uganda. Napiga gitaa la solo kanisani, watu kama 200, na wikendi tunapigia harusi. Nina shilingi 1,800,000. Nimeoneshwa amplifaya tatu: ya valvu (zile taa za kioo), wati 15, iliyotumika, ya transista, wati 50, mpya, na moja isiyo na jina la maana, imeandikwa wati 1,000 na bei yake ni ya chini kuliko zote. Nichukue ipi?

JIBU: Ndugu yetu, hiyo ya wati 1,000 iache dukani. Namba za aina hiyo huwa ni PMPO, yaani za kuuzia. Wewe tafuta RMS, yaani wati ambazo chombo kinaweza kutoa mfululizo. Chungulia nyuma ya spika: kama sumaku imeandikwa wati 40, amplifaya ya wati 1,000 za kweli ingekuwa imeiunguza siku ya kwanza.

Kati ya mbili zilizobaki, muziki wako ndio unaoamua. Mapambio na seben (kile kipande cha gitaa cha kuchezesha watu katika muziki wa Kikongo) vinataka sauti safi, nyuzi nyembamba zisikike moja moja hata ngoma zikipanda. Amplifaya ndogo za valvu kama Fender Blues Junior na Vox AC15 zina valvu mbili za EL84 mwishoni, na ukipandisha sauti sana zinaanza kukwaruza. Mpiga bluzi hulipia mkwaruzo huo kwa furaha. Wewe utapigana nao kila Jumapili. Sisi tungechukua transista ya wati 40 hadi 80 yenye spika ya inchi 12. Boss Katana 50 inaingia hapo, na Peavey Bandit 112 iliyotumika, ukiipata nzima, usiiache. Orange Crush 35RT inalia vizuri, ila spika yake ni ya inchi 10, na ukumbini sauti nzito zitapwaya.

Wati zinachanganya watu. Kutoka 15 hadi 30 unaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati mara 10 hivi. Spika yenye unyeti (sauti inayotoa kwa wati moja) wa desibeli 100, badala ya 97, inakupa nyongeza ileile ya desibeli 3 bila wati hata moja zaidi. Kwa hiyo uliza habari za spika kabla ya kuhesabu efekti (mapambo ya sauti yaliyomo ndani), ambazo nyingi hutazigusa baada ya mwezi.

Nenda dukani na gitaa lako na kebo yako. Zima efekti zote, weka besi, midi na trebo katikati, gaini (kitufe cha mkwaruzo) chini, kisha pandisha sauti taratibu. Piga uzi wa sita bila kubana na usikilize kama spika inatetema vibaya, halafu panda freti ya 12 na kuendelea, maana huko ndiko seben inakoishi: trebo ikichoma masikio hapo, itakuchosha. Kitufe kinachokwaruza ukikizungusha ni vumbi, dawa ya kusafishia inatosha, lakini kitumie kupunguza bei. Mvumo mzito unaobaki hata kebo ya gitaa ikiwa imechomolewa ni jambo jingine: mara nyingi kapasita za kuchuja umeme zimechoka, na hiyo ni kazi ya fundi. Chomoa umeme, sukuma karatasi ya spika polepole kwa vidole pande zote kwa usawa. Ukisikia msuguo, koili imepinda. Kisha iwashe tena, uipige nusu saa. Ubovu mwingi hujificha mpaka chombo kipate moto, na muuzaji asiyekubali nusu saa hiyo amekujibu.

Tenga kama shilingi 300,000 za stebilaiza na kebo nzuri. Kanisani usiweke amplifaya sakafuni nyuma ya magoti yako, kwa sababu trebo husafiri moja kwa moja mbele ya spika: wewe hutaisikia, utaiongeza, na walio mstari wa mbele wataumia. Ipandishe kwenye kiti. Ukumbi ukiwa mkubwa, weka maikrofoni kama Shure SM57 sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa, kati ya kitovu na ukingo wa spika, na uipeleke kwenye mikisa.

SWALI: Kaka yangu amenitumia Blues Junior kutoka Marekani. Nyuma imeandikwa 120V 60Hz. Fundi hapa Tororo anasema nibadilishe plagi tu. Ni sawa?

JIBU: Hapana, dada, usithubutu. Soketi zetu zinatoa volti 240. Ukiwa na bahati itakatika fyuzi. Mtu akiizungushia karatasi ya sigara, itafuata transfoma.

Nunua transfoma ya kushusha umeme, ile nzito yenye chuma ndani, si kile kijisanduku chepesi cha wasafiri. Soma wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya, uzidishe kwa mbili: ikisema 180, tafuta ya VA 400 (VA ni kipimo cha nguvu ya transfoma). Ikiwa unaweza kuchagua, volti 110 ni salama kuliko 120. Transfoma iliyopimiwa 60Hz hupata joto zaidi kwenye 50Hz yetu, na kuipunguzia volti kidogo huirudishia nafuu.

Angalia pia waya wa erthi. Transfoma nyingi za madukani zina matundu mawili tu upande wa kutolea umeme, na erthi inaishia hapo. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na bodi ya amplifaya. Hitilafu ikitokea huku midomo yako ikigusa maikrofoni, mwili wako ndio unakuwa waya. Dai yenye matundu matatu, na umwombe fundi apime kwamba erthi inafika kweli. Umeme ukikatika, zima amplifaya, usiwashe mpaka urudi na utulie. Kwenye jenereta, acha injini ishike mwendo kwanza.

SWALI: Je, naweza kuchomeka gitaa la umeme kwenye redio kubwa ya nyumbani? (Gulu)

JIBU: Litalia, lakini kwa sauti iliyofifia. Pikapu ya gitaa (sumaku inayonasa mlio wa nyuzi) hutaka kuingia kwenye ukinzani wa omu milioni 1 hivi. Redio huwa na elfu kumi hadi hamsini, na trebo inapotelea hapo. Ukitumia pedali ya mkwaruzo, twita (spika ndogo za sauti za juu) zitakupigia kelele za nyuki, kwa sababu spika ya gitaa hukata sauti za juu kuanzia hezi 5,000 hivi na ya redio haikati. Amplifaya ya kinanda ni afadhali, mradi upige sauti safi.

SWALI: Napiga kadongo kamu, gitaa kavu na sauti yangu, mahali pasipo na umeme. (Masaka)

JIBU: Chukua amplifaya ya Roland Cube Street: ina mlango wa maikrofoni na wa gitaa, inatumia betri 6 za AA. Nunua za kuchaji, seti mbili.