Ekseli ngumu, ekseli nzima au mhimili?

Msomaji wetu mmoja wa Gulu kauliza hivi: "Shikamoo mwalimu. Nina Land Cruiser 80 naiandaa iwe gari ya porini, nataka niende nayo Karamoja mpaka Kidepo. Ekseli zake mbele na nyuma ni zile solidi. Nikampigia mtu wa spea Kampala nikamwambia nataka vitu vya ekseli ngumu, akasema zote ngumu ssebo, laini sijawahi kuona. Nikasema basi ekseli nzima, akanitumia picha ya ekseli na difu yake na habu na breki, bei ya kutisha, kumbe mimi natafuta sili na beringi tu. Kiswahili chake ni nini? Na kwenye daftari ya kazi niandike 'kujenga upya mhimili'? Halafu fundi anasema beringi zimelika, mimi nasema zimeliwa, nani yuko sawa?"

Marahaba ndugu yangu. Huyo wa spea usimlaumu, amejibu Kiswahili alichokisikia. Ngumu ni kitu ambacho si laini, au ambacho si rahisi, na mtu akiwa mgumu ujue hatoi hela. Sasa solidi ya kwenye ekseli haiongelei ugumu wa chuma hata kidogo, inaongelea umbo, yaani tairi ya kushoto na ya kulia zimeshikwa na ganda moja la chuma kutoka upande huu mpaka ule, ndo maana moja ikipanda jiwe na mwenzake anainama.

Nzima ndo imekuponza kabisa manake hilo neno lina mambo mengi. Umekula mkate mzima, hukubakisha. Gari ni nzima, haina ubovu. Bibi yako mzima? Hajambo. Mtu mzima, si mtoto. Kwa hiyo ukimwambia muuza spea "ekseli nzima" yeye ana njia mbili tu za kukuelewa, ama unataka ekseli kamili na kila kitu chake, ama unataka ambayo haijavunjika. Ile maana yako ya tatu haimo humo, na usijaribu kuilazimisha.

Mimi ningesema ekseli ya kipande kimoja. Najua fundi mjuaji atanikatalia, atasema ndani shafti ziko mbili, kila tairi na yake, na ni kweli, kilicho kimoja ni ganda la nje. Sawa, lakini jina si mchoro wa fundi, linatosha likitenganisha kitu na kitu, na hapa linaitenganisha na zile gari ambazo tairi za mbele kila moja inajitegemea, kama Land Cruiser 100 nyingi zilizoanza kutoka 1998. Ila kwa simu wala usifike huko, taja gari, taja modeli, sema sili za ndani za ekseli ya mbele, basi.

Mhimili ni neno zuri sana, limetoka kwenye himili, ukoo mmoja na stahimili na hamali yule anayebeba mizigo. Dunia inazunguka kwenye mhimili wake, na dola ina mihimili mitatu, serikali, bunge na mahakama. Kwenye kitabu cha fizikia liandike bila wasiwasi. Katwe kwa mafundi ukisema mhimili wa mbele unavuja watadhani umeleta siasa. Ekseli inatosha, ekseli hii, ekseli hizi, na "maekseli" iache huko huko mdomoni.

Kujenga upya hapana. Tunajenga nyumba, tunajenga ukuta, wanasiasa wanajenga taifa. Ekseli inafunguliwa, inaoshwa, inafungwa, na kazi yote kwa jumla wengi wanaita ovahoo. Watanzania wana neno tamu zaidi, kusuka, wanasuka injini upya, na mimi nalipenda kwa sababu ndivyo kazi ilivyo, kitu juu ya kitu kwa mpangilio kama nywele za mtoto, ukiruka kimoja unafumua unaanza tena. (Usukani hauhusiani na kusuka, hilo limetoka Kiarabu, lilikuwa la chombo cha baharini.)

Kwenye beringi fundi wako kakushinda. Zimeliwa inaita mlaji, nani kazila? Zimelika inasema hali tu, zimekwisha kwa kutumika. Ukimtaja mlaji hapo sawa, zimeliwa na mchanga. Na kwenye hiyo 80 yako angalia mapema, sili ya ndani ikichoka oili ya difu inapita mpaka kwenye kile kichwa cha kugeuzia tairi, inachanganyika na grisi inakuwa supu, na grisi ikishakuwa supu beringi zinalika kweli.

Daftari iandike hivi: "Ekseli ya mbele. Fungua, osha, badilisha sili za ndani na beringi, rudisha shimu, funga." Na hizo shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi, kila moja uiandikie imetoka kulia au kushoto, juu au chini, hayo manne hata yule wa spea hawezi kuyasikia vibaya.