Kofia imegoma kupita kichwani

SWALI: Shikamoo Mama. Niko Kapchorwa, na huku mlimani baridi haina mchezo. Masweta ya watoto nayafuma tangu zamani kwa sindano mbili. Safari hii nilitaka kumfumia baba watoto kofia isiyo na mshono, ya kuzunguka kwa sindano tano zenye ncha huku na huku. Fundi baiskeli alinikatia spoku akazinoa. Nikaanza vitanzi 100 kwa uzi uleule wa masweta. Ukingo umekwama kwenye paji la uso, na kule juu nilipitisha uzi nikavuta, kukafunga kama mdomo wa gunia la viazi. Nimekosea wapi?
Mfumaji, Kapchorwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Spoku hizo nazijua sana, ndizo nilizoanzia mimi hapa Jinja. Ila spoku ina unene wa milimita 2 tu, na uzi wa sweta kwenye sindano nyembamba hivyo hutoa kitu kigumu kama mkeka. Ziweke, utafumia soksi za kichanga. Kofia hii inataka sindano za milimita 4 au 5. Dukani zikikosekana, chonga za mwanzi (watu wa milima hiyo wanaokula malewa, yaani machipukizi ya mwanzi, hawawezi kuniambia mwanzi ni shida) na uzisugue kwa msasa mpaka zisinase uzi.

Kabla ya kofia, fuma kipande kidogo, ukilaze mezani, uhesabu vitanzi ndani ya sentimita 10. Najua unaona uvivu, hata mimi naona. Tuseme umepata 20, na kichwa cha mzee kina sentimita 56. Kofia lazima iwe ndogo kuliko kichwa ndipo ishike, basi toa 4, zibaki 52. Hapo ni vitanzi 104. Hiyo 104 naipenda kwa sababu inagawanyika kwa 4, ambayo ukingo unaitaka, na kwa 8, ambayo utaihitaji kule juu. Mia yako haigawanyiki kwa 8.

Sasa ukingo, maana kosa kubwa liko mstari wa kwanza kabisa. Wafumaji wa masweta tuna tabia ya kuvuta kila kitanzi kikae imara. Usivute. Acha mkia wa uzi wenye urefu mara tatu ya mzunguko wa kofia, shika sindano mbili pamoja kama moja, uanzie vitanzi juu ya zote mbili, na kati ya kitanzi na kitanzi acha nafasi ndogo. Hiyo nafasi ndiyo itakayovutika kichwani. Ukimaliza chomoa sindano moja, kisha gawa vitanzi 26 kwenye kila sindano kati ya nne; ya tano ndiyo ya kufumia.

Kabla hujaunga duara, laza kila kitu mezani na uhakikishe ukingo wote umetazama ndani. Kofia yangu ya kwanza ilijipinda hapo, nami sikuona mpaka nimefuma kiganja kizima. Pindo hilo halina dawa, nilifumua yote.

Ukingo: viwili vya mbele, viwili vya nyuma, sentimita 5. Baada ya hapo ni vitanzi vya mbele tu, mwanzo hadi mwisho. Utashangaa, kwa kuwa kwenye sweta ulizoea kugeuza kazi na kurudi kwa vitanzi vya nyuma. Ukifuma kwa kuzunguka, upande wa nje unakutazama wakati wote.

Ikifika sentimita 15 kutoka mstari wa kwanza, anza kupunguza. Fuma 11, viwili vifume pamoja, rudia mpaka uzunguke. Mzunguko unaofuata usipunguze. Halafu fuma 10, viwili pamoja, pumzisha tena, halafu 9. Utaona mistari minane ikijipinda kuelekea katikati kama gamba la konokono. Mimi huwa naacha hata chai ipoe hapo.

Vikibaki vitanzi 8, hapo ndipo unapokata uzi, unaupitisha kwa sindano ya gunia na kuvuta. Mkia uchomeke upande wa ndani.

Hiyo ya spoku usiitupe. Ifumue, osha uzi, uanike ukining'inizwa na kitu kizito chini ili mikunjo inyooke. Unatosha kuanzia hii mpya.