Hodhi limekwaruzika, fundi anataka kulipulizia rangi ya gari

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gesti ndogo hapa Mwanga, Kigoma. Chumba kimoja kina hodhi jeupe la kuogea, na maji yakikatika huwa tunalijaza tuwe tunachota humo. Sasa chini limejaa mikwaruzo, mingine ina weusi ambao hautoki kwa sabuni. Kijana mmoja amenipa bei: atamwaga asidi, atapiga msasa, kisha atapulizia rangi ya gari. Anasema litakuwa jipya. Nimkubalie, au naweza kulitengeneza mwenyewe?

JIBU: Marahaba. Usimkubalie. Na kama kidumu chake cha asidi kipo hapo kwako, mwambie aje akichukue leo.

Kinachonikera ni kwamba kakupa bei kabla ya kuuliza hodhi limetengenezwa kwa kitu gani. Watu wengi, na mafundi wakiwemo, wanadhani mkwaruzo ni uchafu: ukipata dawa kali unatoka, ukishindikana unafunikwa. Mkwaruzo ni mahali palipopungua kitu. Hakuna cha kumimina kitakachokirudisha.

Tafuta sumaku, hata ya spika mbovu, uiguse ubavuni mwa hodhi. Ikinata, hapo ndani ni chuma na huo weupe wa juu ni kioo. Nakuambia kioo kweli: unga wa kioo uliochomwa kwenye tanuri, joto likifika nyuzi 800 hivi, hadi ukashikana na chuma. Ni kitu kile kile cha vikombe vyeupe vya bati vyenye ukingo wa buluu, vya kwa bibi. Unakumbuka kikombe kikidondoka kinavyobanduka kipande, kikaanza kutu? Basi hodhi lako ni kikombe hicho, kikubwa tu.

Kwa hodhi la namna hiyo, ile mistari myeusi huenda wala si mikwaruzo. Kioo ni kigumu kuliko sufuria ya alumini. Mkiingiza sufuria kuchota maji, kinacholika ni sufuria, na unga wake unabaki kwenye hodhi kama alama ya penseli. Pitisha ukucha. Ukiteleza bila kukwama, chukua soda ya kuokea, ilainishe kwa maji iwe uji mzito, sugua taratibu kwa kitambaa laini. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba ya zamani upande wa stesheni, wenyewe wameshaanza kuchanga hela za hodhi jipya. Dakika ishirini za soda, wakaona aibu kunilipa.

Ukucha ukikwama, na ndani unaona chuma, hapo kuna kutu ya kuzuia. Ikwangue kwa kipande cha msasa kisichozidi ukubwa wa kidonda chenyewe, pakaushe kabisa, jaza gundi ya epoksi nyeupe, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Kiraka kitaonekana kwa anayekitafuta. Usisugue kioo chote kwa msasa: utapoteza mng'ao, na uchafu utaanza kushika mahali ambapo haukuwa unashika.

Sumaku isiponata, ni akriliki, yaani plastiki ngumu, au faibaglasi, plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo. Akriliki rangi yake imeingia ndani, ila faibaglasi ina ngozi nyembamba isiyofika hata milimita moja, ukiimaliza unakutana na nyuzi na maji yanaanza kupenya. Kuzitofautisha likishajengewa ni kazi hata kwangu, kwa hiyo fanya kama vile ni faibaglasi. Msasa wa maji, namba 800, halafu 1200, halafu 2000, huku maji yakitiririka muda wote. Kila ukibadilisha namba badilisha na mwelekeo, ili uone kama mistari ya namba iliyopita imeisha. Malizia kwa polishi wanayotumia mafundi wa bodi za magari na kitambaa laini, kwa mkono. Mashine ikienda kasi inatoa joto, na akriliki ikipata joto inalainika. Tina, ile ya kuzimulia rangi, usiiguse kabisa, inaipasua akriliki nyufa ndogo ndogo kama udongo wa kiangazi. Mikwaruzo myepesi itaisha, ile ya kina itabaki, kubali.

Asidi, kwa kweli, sijui ilimkosea nini nani hata kila bafu limwagiwe. Inakula mng'ao wa kioo na kile chuma cha mdomo wa kutolea maji. Na kama siku hiyo mhudumu alishamwaga jiki humo, vikikutana vinatoa gesi ya klorini, kwenye chumba chenye kidirisha cha ukubwa wa sahani.

Rangi ya gari nayo haikutengenezwa kulala ndani ya maji ya moto na sabuni. Itapendeza wiki mbili tatu, kijana akiwa ameshakula hela. Kisha inaanza kubanduka kama magamba ya samaki, mgeni anatoka kuoga yamemganda mgongoni. Zipo rangi za mahodhi kweli, za kuchanganya makopo mawili, ila zinataka uso uliotayarishwa vizuri, kinga ya kupumulia ya maana, na siku kadhaa bila tone la maji. Hiyo sio kazi ya mchana mmoja kwa kopo la kupuliza.

Na hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Rangi ikishaharibika, atakuja mwingine kuibandua kwa dawa. Dawa nyingine za kubandua rangi zina methilini kloridi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatulia ndani ya hodhi, na fundi anayekwangua kainamisha kichwa humo humo. Marekani, kati ya mwaka 2000 na 2011, mafundi 13 waliokuwa wakibandua rangi kwenye mahodhi walikufa kwa kemikali hiyo. Watu wenye ujuzi wao, na kazi ilikuwa ya kupendezesha bafu. Ukiona kopo limebandikwa jina hilo, lisiingie chumbani, hata fundi akikuambia amezoea. Anayekuambia amezoea ndiye wa kumwogopa.

Kwa hiyo anza na sumaku na ukucha leo jioni. Ukitumia epoksi, funga chumba mpaka muda ulioandikwa kwenye boksi lake uishe, hata kama meli imeleta wageni. Na maji ya akiba yahamishie kwenye pipa la plastiki nje ya mlango. Hapo hata wale wanaochota kwa sufuria hawatakuwa na sababu ya kuingia nayo humo.