Mama na binti hawatazamani: umevuka mstari

Ndugu, nimekuelewa: umepiga kwa simu mazungumzo ya mama na binti mezani, lakini ukiunganisha vipande wote wawili wanatazama kulia, kana kwamba kila mmoja anaongea na mtu mwingine. Kamera yako imevuka mstari. Vuta mstari wa kufikirika kutoka pua ya mama hadi pua ya binti, kisha baki upande mmoja tu, ndani ya nyuzi 180. Mama atatazama kulia, binti kushoto.

Kwa vipande ulivyo navyo, usikimbilie kugeuza picha kama kioo. Jina la kanga litasomeka kinyumenyume. Afadhali upachike kati ya vipande hivyo picha ya karibu ya mikono au kikombe cha chai, maneno yakiendelea kusikika. Halafu (mbinu hii ndiyo naipenda zaidi) acha sauti ya binti ianze kidogo kabla hatujamwona. Mkato, yaani pale vipande vinapoungana, hautahisika.

Ukirudia, anza na picha pana ya meza nzima, na shikilia kidole kwenye skrini mpaka mwanga ufungwe, yaani simu isiubadilishe yenyewe katikati ya kupiga. Sauti ikiwa na mvumo mzito wa feni, mpelekee fundi wa sauti. Ukiichuja mwenyewe kupita kiasi, maneno nayo yataharibika.